Mama Mkwe wa Tshibangu

Siku ya kwanza kumwona Tshibangu, alikuwa amesimama juu ya gunia la makaa kwenye stesheni ya Kolwezi, Katanga, viganja vyote viwili mdomoni, akapiga honi ya treni. Nilikuwa nimekaa pembeni nashona kiatu cha mtu, na mimi mwenyewe niliinuka. Ilikuwa honi kamili, pamoja na ule mkia mrefu unaobaki hewani. Mtu huyo alikuwa ameunganisha mabehewa miaka mingi, na sauti ya treni ilikuwa imemkaa kifuani.

Ulikuwa mwaka 1993, watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa majumbani mwao na Wakatanga wenzangu. Maelfu walilala hapo stesheni na magodoro yao, wakingoja treni ya kuwarudisha Kasai, ambako wengi hawakuwahi hata kufika. Kwa hiyo honi ilipolia, stesheni nzima ilisimama. Akina mama walifunga vyungu vikiwa vya moto, bukari, yaani ugali, bado ndani. Mzee mmoja alibebwa pamoja na kitanda chake. Kuku mmoja alifungwa mgongoni mwa mama, na mtoto akabaki chini akishangaa. Wote walikimbilia reli, na reli ilikuwa tupu. Tshibangu alicheka mpaka akaanguka kutoka juu ya gunia.

Alipofanya hivyo mara ya tatu, watu walitaka kumpiga. Komanda Séraphin, mkuu wa askari waliolinda stesheni, akamkamata, akasema anampeleka gerezani. Sote tulijua gereza la siku zile: mtu asiye na ndugu wa kumletea chakula hakudumu humo. Na ndugu za Tshibangu walikuwa wameondoka. Mkewe Ngalula na watoto walipanda treni iliyotangulia. Yeye alishuka kidogo kugawa nguo zake kwa watu, treni ikamwacha na suruali moja.

Agnès, muuguzi wa zahanati ya kanisa ng'ambo ya reli, alikuja mbio. Alimweleza komanda kwamba mtu huyu hajalala tangu siku nyumba yake ilipoezuliwa, kwamba anaongea asubuhi mpaka asubuhi, na kwamba huo ni ugonjwa wa kichwa wenye dawa, na gerezani dawa hakuna. Komanda alijikuna shingo. Mwishowe akakubali Tshibangu atibiwe badala ya kufungwa, lakini honi moja tu ikilia tena, ni gereza bila maneno. Tena awe na garde-malade, yaani ndugu wa kulala naye, kumpikia na kumpa dawa. Kwetu mgonjwa hapokelewi bila huyo.

"Ndugu yako hapa ni nani?" Agnès akamwuliza.

Tshibangu aliangaza macho kwenye umati, akaninyooshea kidole mimi. Kisha akashtuka, akaficha uso nyuma ya kiwiko.

"Ule pale. Ni mama mukwe yangu. Mumuombe anisamehe, siwezi kumuangalia."

Mimi naitwa Numbi, ni mwanaume mwenye ndevu. Lakini tangu utoto naona haya, naongea na watu nikiangalia viatu vyao, na nadhani ndiyo sababu kazi yangu ni viatu. Sasa, kwetu Waluba, wa Katanga kama wa Kasai, mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawali pamoja, na anachotoa mama mkwe hakikataliwi. Tshibangu aliona mtu asiyemtazama, akajua amempata.

Stesheni ililipuka kwa kicheko, hata wale waliokuwa wameshika fimbo. Komanda akaniuliza kama ni kweli. Siku zile, Mkatanga kuonekana akimlisha Mkasai kulikuwa na hatari yake. Niliangalia buti za komanda. Soli nilikuwa nimezishona mimi.

"Ndiyo, komanda," nikasema. "Ni mukwe yangu."

"Basi, mama," akasema, "ukuje umuchukue."

Sijawahi kuheshimiwa hivyo maishani. Kule zahanati, nilipoleta vidonge, Tshibangu alipiga magoti, uso ukutani, akavipokea kwa mikono miwili. Agnès alisema wagonjwa wengine huvitema. Wangu angemeza hata kikombe kama ningempa. Tulikula yeye ndani, mimi nyuma ya mlango. Nikikohoa njiani, alikimbilia majanini. Jirani yangu Mbuyu, fundi baiskeli, alipaza sauti mbele ya watu kuniuliza mahari ya binti yangu iko wapi. Mimi, ambaye sijibu watu, nikamjibu kwamba inakuja na treni. Mbuyu alicheka hadi akaangusha spana, na kesho yake alileta mihogo ya mkwe.

Lakini kila Tshibangu alipokusanya viganja, hata kunawa uso, roho yangu ilisimama.

Kwanza alilala, akalala tena. Maneno yake yakapungua mwendo. Akaanza kuulizia Ngalula na watoto, akalia. Mchana mmoja, baada ya vidonge, aligeuka kutoka ukutani akanitazama sana.

"Tata," akasema, yaani baba, "uko na ndevu."

Nikakubali kwamba ninazo. Akacheka, kicheko kifupi chenye mwisho. Hata hivyo vidonge aliendelea kuvimezea ukutani. Alisema vimeshazoea njia hiyo.

Kisha tukarudi stesheni kungoja treni. Siku moja, tukiwa tumekaa kwenye mkeka wetu, honi ikalia kwa mbali. Hakuna aliyesimama. Stesheni nzima iligeuza shingo kumtafuta Tshibangu, na komanda akaanza kuja kwetu, mkono kwenye mkanda. Tshibangu akainua mikono yote miwili juu, vidole vimeachana, akaiacha juu hivyo hivyo. Honi ikalia tena.

"Si mi," akasema. "Hii ni treni ya kweli."

Hapo ndipo vyungu vilipoanza kuruka. Komanda alisukumwa na kitanda cha yule mzee.

Agnès alimfungia vidonge vya safari na kumweleza tena na tena jinsi ya kuvimeza. Tshibangu alipata nafasi dirishani. Nilimpitishia hindi la kuchoma, na kwa mara ya kwanza nilimtazama usoni. Viatu vyake vilikuwa ndani ya behewa, sikuwa na pengine pa kutazama. Treni ikasogea. Naye alinitazama, hindi karibu na mdomo, akangoja.

"Mama mukwe," akasema, "geuka kidogo. Niko na njaa."