Doti ya Apolinaria

"Miaka sita, Agnetha! Miaka sita nasubiri doti moja ya kanga, na wewe kila Jumapili unakwenda kanisani umejifunga mpya!"

Apolinaria alikuwa ameketi kwenye gogo uani kwa Agnetha, hapa Kaliua, miguu imevimba, pumzi fupi. Ana miaka sitini na minane. Zamani alizalisha majumbani. Siku hizi huwasindikiza wajawazito kituo cha afya, na kabla ya hapo huwaonyesha namna ya kuukanda msamba, ile nyama iliyo kati ya njia ya uzazi na ya haja kubwa, ili mtoto apite bila kuwachana sana. Kwetu, aliyemwandaa mzazi hupewa kanga.

Agnetha hakuinua hata macho kwenye majani ya tumbaku aliyokuwa akichambua. "Kanga ya nini, dada? Ulimwasha mkwe wangu kama pilipili, akaikimbia mikono yako. Akaenda kuzaa hajaandaliwa, akashonwa nyuzi saba. Nikulipe nyuzi?"

Mkwe mwenyewe, Josepha, alikuwa pale mlangoni na mimba ya pili, wiki ya thelathini na tano. Uzazi ule wa kwanza ulimfanya akalie upande mmoja mwezi mzima. Nesi alishamwambia kukanda hakuna ubaya, mradi mikono iwe safi. Lakini akikumbuka ule moto, anabana miguu.

Mimi jirani yao nilikuwa nimefuata ungo tu. Nikaona heri nikae.

Apolinaria aliitazama mikono ya Agnetha, myeusi kwa gundi ya tumbaku. Akaitazama yake.

"Siku ile nilitoka wapi?"

"Si banini kwangu, kwenye kukaushia tumbaku? Ulinisaidia kuchambua tangu asubuhi."

"Nikanawa kwa kitu gani?"

"Kwa maji."

"Sabuni?"

Agnetha akaliweka chini jani alilokuwa ameshika. Sote hapa tunajua kwamba ukichambua tumbaku halafu ukafikicha jicho, utalia mpaka jioni. Jicho tunalihurumia. Huko chini hakuna aliyekufikiria.

"Mimi ndiye niliyemuunguza," Apolinaria akasema, amechoka kuliko alivyokuja. "Simgusi tena. Josepha, utajikanda mwenyewe. Tumbaku usiishike kuanzia leo."

"Na nani atachambua?" Agnetha akaruka.

"Wewe una mikono mingapi?"

Akamwelekeza palepale. Kata kucha. Nawa kwa sabuni, sugua mpaka maji yatoke meupe. Mafuta safi ya alizeti, yawe na kichupa chake, yasiwe ya kukaangia. Egemea ukuta, ingiza vidole gumba kiasi cha pingili moja, bonyeza taratibu kwenda chini, kisha pembeni huku na huku, dakika chache. Ukihisi kuvutika, pumua. Pakiuma sana, acha. Chupa ya uzazi ikipasuka, maji yakatoka, usiguse kabisa, nenda kituoni.

"Masanja hawezi kumsaidia mkewe?" Agnetha akauliza.

"Masanja mwenye kucha za kunguru?"

Josepha akacheka, mara ya kwanza siku hiyo.

Wiki nne Apolinaria alivuka reli kwa miguu yake ile mibovu, siku moja baada ya nyingine, aje aulize neno moja tu: "Umenawa?" Agnetha alichambua peke yake, akiulalamikia mgongo mtaa mzima.

Siku ya uchungu, Apolinaria alikaa kwenye benchi la kituo tangu alfajiri mpaka adhuhuri. "Akishonwa tena," aliniambia, "simfundishi mtu mwingine mpaka nife." Nesi akatoka. Mtoto wa kike, mchubuko mdogo, hakuna uzi. Sisemi ni mafuta peke yake, maana mtoto wa pili naye hukuta njia imefunguliwa. Apolinaria naye hakujisifu. Aliinamisha kichwa, akasinzia palepale.

Wiki ile ile Agnetha alimpelekea doti yake, mpya. Apolinaria akaomba mkasi, akaikata katikati.

"Kipande hiki nimepokea kwa kumwandaa. Hiki mbebee mjukuu, ndiyo fidia ya ule moto."

"Na mimi niliyekuweka kwenye tumbaku, nalipa nini?"

"Wewe nikande hii miguu, mdogo wangu. Imekufa."

Agnetha akainuka kwenda kutafuta sabuni.