Mpira Uliofungwa Kamba

Nimekuwa fundi katika yadi ya shirika moja la chanjo mtaani Amarat, huku ugenini, kwa miaka kadhaa, na nakuambia ukweli, kazi si tatizo. Tatizo ni jioni. Wenzangu wa ofisini ni Wakenya kama mimi, lakini wao wana hoteli zao na mazungumzo yao ya benki. Mimi nikinawa grisi narudi chumbani, natazama ukuta. Mke na watoto wako Nakuru, na simu nayo ina siku zake.

Mtu wa kuongea naye nilikuwa na mmoja tu. Mganda, mtu mzima kunizidi, aliyepeleka chanjo vijiji vya Rejaf na kwingine kwa pikipiki ya magurudumu manne, ile inayopita penye matope magari yakikwama. Ikiwa nzima, simwoni kwa wiki. Ikiharibika, anakaa yadini nami mpaka ipone, tunakunywa chai na kubishana. Kwa hiyo kila nilipokaza boliti ya mwisho nilijua nimejifukuzia mgeni.

Siku moja akaletwa akiwa juu ya lori, pikipiki imelala nyuma yake. Mpira wa juu wa rejeta, ule unaopitisha maji ya kupoza injini, ulikuwa umepasuka.

"Fundi, hii kitu nachemka tu," akasema. "Mimi iko naweka maji kila siku."

Nikachunguza. Kuna kimpira chembamba kinachotoka shingoni mwa rejeta kwenda kwenye kopo la akiba, maji yakipata moto yapumulie huko. Kopo lilikuwa na ufa, likivuja tone tone. Yeye alikuwa amekikunja kile kimpira na kukifunga kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, akakaza kama anafunga gunia la mahindi.

"Mzee wangu, nani amekutuma uinyonge pikipiki?"

"Maji nakwenda bure, fundi."

Nikataka kufoka, nikashindwa. Mji huu maji tunanunua kwa pipa, yanaletwa na lori la tangi, na mtu akiacha bomba likidondoka majirani wanamtazama kama mwizi. Mtu aliyezoea hivyo akiona tone linaanguka atafunga kwanza, maswali baadaye. Nikamwambia maji yakimwagika hayazoleki, lakini ya rejeta ukiyazuia yatatafuta mlango yenyewe. Alicheka mpaka akakohoa.

Tulikaa naye siku nyingi tukisubiri mipira mipya kutoka Kampala. Nilimfundisha kuibonyeza asubuhi injini ikiwa baridi: mpira mzima unarudi mkononi, uliochoka unabaki umebonyea au unapata nyufa ndogo karibu na klipu inayoubana. Nikamwonyesha mafuta ya breki yakibadilika rangi kuwa kama chai ya rangi, yamwagwe. Alikuwa mwanafunzi mkaidi, anauliza kila kitu mara mbili, na mimi nilifurahi kujibu mara mbili. Tukipika ugali jioni alilaumu wangu kwamba ni mgumu, nami nikamwambia arudi kwao akale matoke.

Mipira ilipofika, mkuu wetu akaja yadini. Ofisi ilitaka kumhamishia mzee kituo cha mbali, upande wa Terekeka, na huko hakuna fundi.

"Hii pikipiki itaweza kukaa huko?" akaniuliza. "Ukisema haiwezi, abaki hapa, tutafute mwingine mwenye gari."

Mzee alikuwa amesimama pale, kofia mkononi. Nilijua anaitaka kazi ile, maana kituo kile kina nyumba, na mke wake angekuja kukaa naye. Neno moja langu lingemzuia, na hakuna ambaye angejua. Nilitamani kulisema, Mungu ni shahidi. Nikaupapasa mpira wa juu, nikaupapasa wa chini, kana kwamba sijui jibu.

"Itaweza," nikasema. "Na yeye ataweza kuitunza."

Nilibadilisha kila kitu: mipira yote, klipu zote, kopo la akiba, oili, mafuta ya breki. Sijawahi kufanya kazi safi namna ile.

Alipohamia huko, mwanzoni alipiga simu kila mara. Oili iko chini kidogo, niongeze ipi? Nilimweleza polepole kuliko ilivyohitajika. Kisha simu zikapungua, kisha zikakoma. Juzi nikapiga mimi. Nyuma yake nilisikia mwanamke akicheka na sufuria zikigongana.

"Mpira wa juu ukoje, mzee wangu?"

"Mzuri, fundi."

"Wa chini?"

"Mzuri."

"Mafuta ya breki?"

"Nilimwaga, naweka mapya. Kila kitu iko sawa."

Nikatafuta kitu kingine cha kuuliza kwenye pikipiki ile, nikakosa.