Mtoto wa Saba wa Refa Wangila

Katika miji mingi niliyopitia, maisha ya watu huandikwa na magazeti, nayo huchagua wakubwa. Kitale, wengine wote huandikwa na Lenah Nabwile. Kwa miaka ishirini na miwili, katika kiduka chake cha kuchapa, ameandika historia za marehemu zinazosomwa mazishini: mkimbiaji aliyeshinda mbio Italia akarudi kulima vitunguu Kiminini, nesi aliyezalisha wanawake Juba wakati wa vita, fundi wa magitaa kutoka Mbale, kasisi Mholanzi aliyekataa kurudishwa kwao. Kila mtu kurasa mbili, picha moja.

Nilipomuuliza ni ipi aliyoiandika vizuri zaidi, alinitajia aliyoiharibu.

Wangila alikuwa refa wa mpira. Alipuliza kipenga Kampala, Kigali, hata Khartoum. Alipofariki, kabla familia haijafika dukani, aliingia mwanamke wa miaka arobaini hivi, muuza mahindi kutoka mji mdogo wa Kwanza, jina lake Jepchumba.

"Mama, mimi pia ni wa Wangila. Kila Krismasi alikuwa anakuja kwetu. Sitaki shamba, sitaki kitu. Weka jina langu tu."

"Nitaliweka, mwanangu," Lenah alisema, akaliandika mbele yake, la saba, baada ya watoto sita wa Wangila waliojulikana mjini.

Mazishini huku, MC huwaita watoto kwa kufuata kijitabu chenye historia ya marehemu, wapite mmoja mmoja kuweka shada la maua kaburini. Asiyeandikwa hupita na majirani.

Kesho yake Levi, kifungua mimba wa Wangila, alikuja kutoka Bungoma kukagua kazi aliyoiagiza kwa simu.

"Jepchumba ni nani? Ati mtoto? Madam, si sisi ndio tunazika?"

"Baba yako alimjua, Levi."

"Basi aamke atuambie. Toa hiyo jina."

Lenah angeweza kukataa. Wachapaji wamejaa Kitale; Levi angempata mwingine. Badala yake alifanya alichokiona kuwa busara: alifuta jina, akaandika "na wengine". Levi alisoma, akacheka.

"Hapo sawa. Wewe ungekuwa mwanasiasa, bana."

Vijitabu mia tatu vikachapwa. Lenah hakumpigia Jepchumba simu.

Siku ya mazishi, Lenah alikuwa ameketi nyuma, kama kawaida yake, kusikiliza kazi yake ikisomwa. MC aliita majina sita. Kando ya hema, Jepchumba alikuwa tayari, shada mkononi, mguu mmoja mbele. MC alisoma "na wengine", akangoja kidogo, akatazama huku na huku. Nani ataitikia jina kama hilo?

"Haya, majirani sasa! Haraka, mvua inakuja!"

Jepchumba alipita na majirani, nyuma ya mwenyekiti wa kikundi cha maziwa.

Wiki mbili baadaye Lenah alikwenda Kwanza na nakala moja aliyoichapa upya, jina likiwa mahali pake. Jepchumba aliisoma yote, polepole, akiwa amesimama kati ya magunia.

"Umeandika vizuri, mama," alisema, akamrudishia. "Lakini nilikuwa nimeenda na watoto wangu. Wakaniuliza, 'Si ulisema huyo ni babu yetu?'"

"Ukawaambia nini?"

"Niliwaambia nilikosea."