Kipengele cha Kaburi

Mikataba ya kununua mashamba najiandikia mwenyewe, tangu wakili mmoja wa Nakuru aniletee mkataba wa shamba la Njoro uliotaja minazi. Minazi, Njoro! Alikuwa amenakili wa mtu wa Pwani, nami nikamlipa. Siku hizi kila uongo niliowahi kuuziwa una kipengele chake: mipaka, maji, njia, ndugu anayezuka baadaye. Wauzaji husema nina roho ya polisi. Sijali. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Yule mzee wa Molo nilimshuku mapema. Mkewe alikuwa amefariki, baridi imemmaliza magoti, na alitaka kuhamia kwa bintiye. Tulipozunguka shamba, viazi kila upande, alikwepa kijisehemu kimoja karibu na ua, penye maua ya pareto yaliyochanua bila kuchumwa. Nikamuuliza ni ya nini.

"Hiyo ilipandwa na bibi yangu," akasema, maana yake marehemu mkewe, akaendelea kutembea.

Moyoni nikasema, hapa pana kesi.

Siku ya kutia sahihi nilimsomea mkataba mezani kwake, kipengele kwa kipengele. Kila kimoja akaitikia "sawa" upesi mno, na wasiwasi ukanizidi. Kisha nikasoma: muuzaji anathibitisha kwamba hakuna mtu aliyezikwa katika shamba hili. Akaweka kalamu chini.

"Hapo siwezi."

Hasira zikanipanda. "Mzee, ulitaka kuniuzia kaburi?"

"Ulikuwa unauliza mambo ya mipaka na maji. Leo ndio umeuliza watu." Akatazama dirishani. "Ni mtoto wetu. Hakumaliza wiki. Bibi yangu ndio alipanda hiyo maua hapo juu."

Nikaona aibu. Angetaka kunidanganya angetia sahihi tu, nani angefukua? Nikakifuta kile kipengele, nikaandika kingine: kile kijisehemu kibaki chake, pamoja na njia ya kukifikia. Nikamsomea, nikijiona mtu mwema sana.

Akanigeukia. "Na wewe, mama, hii shamba utakaa?"

Katika vipengele vyangu vyote, hakuna hata kimoja kilichonihusu mimi. Ningeweza kuzungusha maneno. Nilikuwa nayo tele.

"Sitakaa, mzee. Nitakata ploti, niuzie watu."

Akanirudishia karatasi zote, taratibu, mpaka zikanigusa kifuani.

"Basi hiyo ndio ungeandika kwanza."