Bwana Harusi Asiyetajwa

Mkuu wa mtaa alitangaza baada ya swala ya Ijumaa, kwa niaba ya baraza zima, kwamba katika mtaa wake mjini Kano hakuna mke wa mtu anayetunga hadithi za mapenzi, na kama yupo, aache. Mshona kofia alilisikia tangazo akiwa uani, sindano mdomoni, kalamu mkononi. Delu, mke mwenzake, alizijua tabia zake: hushona safu mbili, huandika moja, sentensi ikikwama hukuna goti, wapenzi wakikaribiana huguna kama anayeonja mchuzi. Madaftari tisa yalikuwa yamejaa, na mchapaji aliyataka jioni hiyo. Tatizo lilikuwa bwana harusi wa hadithi. Alikuwa amempa jina la mume wao bila kufikiri, na kwa kuwa kwa desturi yao mke hamtaji mumewe kwa jina, kila lilipotakiwa jina aliacha pengo.

“Si umbadilishe jina, mwenzangu?”

“Jingine halimkai.”

“Basi liandike.”

“Ulimi umeolewa, na mkono nao umeolewa. Nijazie wewe.”

“Mimi! Kwani mimi nimeolewa na nani?”

Malam Lawan, mume mwenyewe, akaingia kutoka msikitini, akayaona madaftari.

“Nimeambiwa mtaani hakuna mwandishi,” alisema.

“Hayupo, baba watoto,” Delu akajibu upesi.

Mume akaketi mkekani, akasoma ukurasa mzima, kisha wa pili. “Haya mapengo ya nani?”

“Ya kwako,” mshona kofia alisema, macho chini.

Malam Lawan akaomba kalamu. Kufikia alasiri alikuwa ameliandika jina lake mara mia tatu na nne, na katika daftari la sita aliomba bwana harusi aongezwe urefu kidogo.