Jiko Nililoliacha Nje ya Mpaka

Nimekosa, ndugu zangu, na sina wa kumsingizia. Mkono uliochora mpaka ule ni wangu.

Nilifanya kazi katika shirika moja lililolisha watoto wa shule katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, ofisi kubwa ikiwa mjini Mbarara. Wakubwa walitaka cheti cha kuonyesha kwamba shirika linatunza mazingira, na hatua ya kwanza ya kukipata ni kuchora mpaka: kusema ni sehemu zipi za kazi yenu zitakaguliwa na zipi hazitakaguliwa. Kilicho ndani lazima mkirekebishe. Kilicho nje hakuna atakayewauliza. Kazi hiyo nilipewa mimi.

Nikatia ndani ofisi, gereji na stoo. Jiko la shule nikaliacha nje. Nililijua jiko lile: mabati meusi tititi, hakuna pa kutokea moshi, kuni mbichi ambazo kila mtoto alileta kijiti chake asubuhi. Kulitengeneza kungetuchelewesha kupata cheti, nami nilishaahidiwa kwamba kikipatikana nitahamia Mbarara. Basi nikaandika kwamba wapishi ni wazazi wanaojitolea, si watu wa shirika.

Mpishi mkuu alikuwa shangazi yangu, aliyenilea tangu kwetu Kivu Kusini, Kongo, kabla hatujakimbia. Akaniuliza, "Mwanangu, na sisi ba ku jikoni, batatutengenezea jiko? Moshi ni mingi, macho inaniwasha."

Nikamjibu, "Shangazi, ile ni mambo ya ofisi. Ninyi hamuhusike."

Akacheka, akanipakulia uji. Na mimi nikaunywa!

Cheti kikaja. Mbarara tukawekewa taa za sola na mapipa ya taka ya rangi rangi. Nikapigiwa makofi, nikahamia mjini. Jikoni hakuna aliyepeleka hata bati moja.

Miaka ikapita, shangazi akaletwa kwangu mjini ameshikwa mkono, haoni njia vizuri. Nikampeleka hospitali ya Ruharo, palepale Mbarara, kwa daktari wa macho. Daktari akauliza shangazi alikuwa anapikia wapi miaka yote hiyo. Moshi umemharibu, akasema, jicho moja limekwisha na la pili linaelekea huko. Aibu niliyoisikia sina pa kuiweka.

Shangazi hajui kwamba ni mimi niliyeliacha jiko lake nje. Huwaambia majirani, "Huyu mutoto Mungu amubariki. Kama si yeye, nani angenileta ku hospitali?" Nami naitikia amina, mnafiki mkubwa mimi.

Wewe utakayepewa kalamu uchore mpaka wa kazi ya wenzako, nakuomba, kapike kwanza siku moja katika lile jiko unalotaka kuliacha nje. Mimi sikupika. Sasa ndiyo ninapika, nyumbani kwangu, na shangazi amekaa kando yangu, hauoni moto, ananiuliza kama umeshika.