Mama anayepima filamu kwa maganda ya karanga

Saa nne kasoro dakika tano asubuhi, mvua inapiga mabati ya ukumbi wa video wa Abibu, hapa Manika, Kolwezi. Wanaume sitini na ushei wamebanana kwenye mabenchi, na hakuna filamu yoyote mbele yao. Kitambaa cheupe cha ukutani kiko tupu. Wote wanaitazama redio ndogo iliyowekwa juu ya beseni la karanga.

Nyuma ya beseni amesimama mwenye karanga zake, Laurentine Mujinga, mwenye umri wa miaka arobaini na saba, kitenge cha kijani kiunoni na ufagio mkononi. Anafagia mahali ambapo ameshafagia mara tatu.

"Mama Laurentine, kaa kidogo. Utatoboa hii cimenti," anasema Samy, mchimbaji wa madini kwenye mashimo ya upande wa Mashamba ambaye hajakosa filamu hata moja tangu masika yaanze.

"Mi nikikaa, roho itatoka," anamjibu, na ufagio unaendelea.

Msimlaumu. Baada ya dakika tano, redio ya jamii itasoma majina ya filamu zilizoteuliwa kuwania Tuzo za Mwonzi, ambazo kila mwaka hushindanisha filamu za ukanda huu. Wiki mbili zilizopita, katika redio hiyo hiyo, Laurentine alitaja filamu tano alizosema zitaingia kwenye kundi la filamu bora. Ya kwanza kabisa aliyoitaja ilikuwa *Kamba Moja*, iliyopigwa hapa hapa Kolwezi. Ikiwa imeachwa, ukumbi huu unageuzwa depo la saruji na mama huyu anabeba beseni lake kwenda kutafuta mahali pengine.

Basi ndiyo maana anafagia.

Laurentine hakusomea sinema. Alizaliwa Kisenge, baba yake akipakia manganizi kwenye mabehewa, na shule aliiacha darasa la sita. Kolwezi alikuja kuolewa na Louis, fundi wa malori makubwa. Miaka kumi na miwili iliyopita alimwomba Abibu ruhusa ya kuuza karanga za maganda ndani ya ukumbi. Abibu, mfanyabiashara ambaye wazazi wake walitoka Maniema na ambaye hakubali kitu bila kuweka sharti, alimwambia sawa, lakini uchafu wake ataufagia mwenyewe.

Sharti hilo ndilo lililomtengeneza. Kila filamu ikiisha, Laurentine hukusanya maganda kwenye ndoo kuukuu ya rangi. Mwaka wa kwanza alinung'unika. Mwaka wa pili akaanza kuona jambo.

"Filme ikiwa mubaya, batu banakula," anaeleza. "Mukono inatafuta kazi. Filme ikiwa muzuri, mukono inasahau. Unakuta mutu ameshika kalanga moja, anaishika tu, mupaka mwisho."

Akachukua msumari, akakwaruza alama tano ndani ya ndoo, kutoka chini kwenda juu. Ndoo ikifika alama ya tano, filamu hiyo ni mzoga. Ikiishia alama ya pili, ni filamu ya kweli. Alama ya kwanza ameiona mara nne tu katika maisha yake ya kazi.

Tatizo ni kwamba kipimo hiki kinamla yeye mwenyewe. Siku ya filamu mbovu, watu wananunua kopo juu ya kopo, naye anarudi nyumbani na faranga elfu ishirini na mbili. Siku ya filamu nzuri, elfu nane zikipatikana ashukuru Mungu. "Hizo za muzuri zinanilalisha njaa," anasema, na anacheka hadi mabega yanatikisika. "Lakini nazipenda. Utafanya nini?"

Louis, mumewe, naye ana malalamiko yake. "Ku nyumba, nikiwa naeleza habari ya kazi, sitaki kalanga karibu," anasema. "Huyu mwanamuke atahesabia maganda yangu, halafu aniambie habari ilikuwa ndefu."

Ulimwengu wa tuzo aliuingia bila kukusudia, miaka mitatu iliyopita. Kanuni ya Tuzo za Mwonzi ni kwamba kila filamu inayoshindana ionyeshwe kwanza katika kumbi ndogo za miji ya ukanda huu, kwa hiyo kuanzia Septemba hadi Desemba zote hupita kwa Abibu. Siku moja vijana walikuwa wakibishana ipi itateuliwa, kila mmoja na ya kwake. Laurentine, aliyekuwa ameinama na ufagio, alitaja tano. Wakamcheka. Majina yalipotoka, alikuwa amepatia manne. Mwaka uliofuata alipatia yote matano, na kicheko kikahamia upande wake.

Hapo ndipo Malaika, mtangazaji wa redio ya jamii, alipomfuata na kinasa sauti. Sasa kila Januari mama wa karanga anatoa orodha yake hewani, na mashimoni watu wanaizungumzia kuliko mpira.

Msimu huu ulikuwa mgumu tangu mwanzo. *Kamba Moja* ilionyeshwa Novemba. Inahusu ndugu wawili wachimbaji wanaoshuka shimo moja kwa kamba moja, na mama yao anayewasubiri nyumbani. Ukumbi ulifurika hadi watu wakasimama mlangoni. Wachimbaji hawakunyamaza hata dakika moja. Walisahihisha namna kamba ilivyofungwa, wakabishana kuhusu nyundo, wakamwita mmoja wa wale ndugu kwa jina la mtu wanayemjua.

Filamu ilipoisha, Laurentine alifagia na kuangalia ndani ya ndoo. Alama ya tano, na maganda mengine yamemwagikia pembeni.

"Moyo wangu ulikufa," anasema. "Filme ya kwetu, na ndoo imejaa. Nilisema basi, siwezi kudanganya juu ni ya kwetu. Ndoo ni ndoo."

Akatoka nje kwenda kuyamwaga pale jalalani. Kuku wa jirani, ambao siku zote wanayapita maganda yake bila hata kuyatazama, walikuja mbio na kuanza kudonoa. Laurentine aliinama kuangalia wanachodonoa. Ndani ya maganda yale kulikuwa na karanga zenyewe, nzima, ndoo nzima. Watu walikuwa wamemenya kwa saa mbili bila kupeleka mdomoni hata punje.

Katika miaka kumi na miwili hajawahi kuona kitu kama hicho. Aliwafukuza kuku, akarudi ndani, akamwambia Abibu kwamba *Kamba Moja* ndiyo ya kwanza kwenye orodha yake.

Abibu alikuwa na habari nyingine. Mtu wa saruji alikuwa ameshakuja mara mbili kutaka kupanga jengo, na biashara ya video imeshuka tangu kila kijana awe na simu yake. Lakini Abibu ni mtu wa masharti, kama tulivyosema, na anapenda kutaniana na Laurentine kuliko anavyopenda kukubali.

"Nilimuambia hivi," anasimulia, kofia yake iliyofumwa kwa mkono kichwani na tasbihi mfukoni. "Filme ya hapa ikiingia, batu batatoka kila pande kuja kuiona, salle, huu ukumbi, inabaki mwaka mwingine. Isipoingia, cimenti njo inaingia. Akanijibu, baba Abibu, tutaona mbele ya batu. Akaenda kuyasema yote mu redio. Sasa nitatoroka wapi?"

Saa nne kamili. Sauti ya Malaika inatoka redioni. Anaanza na mwigizaji bora wa kike, na jina la tatu analosoma ni la Rahima, mwalimu wa shule ya msingi wa hapa mjini, aliyecheza mama wa wale ndugu wawili katika *Kamba Moja*. Makofi yanapigwa, lakini ya haraka, kwa sababu hilo si jambo lililowaleta.

Halafu filamu bora. "*Harusi ya Mvua*," anasoma Malaika. Imo kwenye orodha ya Laurentine. "*Treni Haijafika*." Hiyo pia imo. "*Saa ya Babu*." Haimo, na minong'ono inaanza. Laurentine ameacha kufagia.

"*Shemeji Amerudi*." Imo. Limebaki jina moja, na orodha ya Laurentine bado ina mawili, *Dereva wa Dilolo* na *Kamba Moja*. Abibu ameshika tama. Samy ameficha uso ndani ya kofia yake ngumu ya kazi.

Malaika ni mtoto wa Kolwezi na sauti yake inamsaliti. Anaanza kucheka kabla hajatamka. Kufikia neno *Kamba*, hakuna anayesikia la pili, maana mabenchi yameshaanguka. Watu wanakumbatiana na watu wasiowajua. Samy anampandisha Laurentine juu ya benchi, naye anashuka haraka kwa sababu beseni limepinduka na watu wanakanyaga karanga zake.

Wanaziokota wote pamoja, sitini na ushei, wakiwa bado wanacheka. Laurentine analia bila kujificha. Anajifuta kwa ncha ya kitenge, anaokota, anajifuta tena. Abibu amesimama kando akitikisa kichwa kama mtu aliyeshindwa, lakini meno yote yako nje.

"Nitamuambia yule wa cimenti atafute nyumba ingine," anasema.

Ukumbi unapotulia, wanataka utabiri. Washindi watatangazwa mwezi Machi, na hakuna anayeondoka hapa bila kujua mama anasemaje. Kwanza anamaliza hesabu ya *Saa ya Babu*. "Ile, ndoo ilijaa, na kalanga hazikuwa ndani," anasema. "Bale bakubwa baliochagua, sijui balikuwa banakula nini."

Kisha anatoa neno linalowafanya wengine wadhani hawakusikia vizuri. Filamu bora itakuwa *Harusi ya Mvua*. Ilirudisha ndoo kwenye alama ya kwanza, na kuku hawakupata kitu.

Kelele inapanda. "Mama, unatuuzisha," analalamika Samy. "Weye ni mutu wa hapa ao wa kwao?"

"Mi ni mutu wa ndoo," anajibu Laurentine. "Lakini ngojeni. Mwigizaji wa mwanamuke, ile hakuna mwingine. Rahima anachukua."

Anaulizwa amejuaje hilo, maana maganda hayataji jina la mtu. Anaeleza kwamba siku ile ya Novemba, watu walipotoka, hawakwenda kunywa kama kawaida yao. Walisimama nje kwenye ukuta, wanaume wazima wenye matope hadi magotini, kila mmoja na simu sikioni. Muuza vocha wa pale kona aliishiwa. Laurentine alipita katikati yao na ndoo yake na kusikia neno moja kila upande: mama, mama, ni miye, uko muzima?

Samy anaangalia chini. Yeye alipiga hadi Kananga, anasema, na alikuwa hajapiga tangu Pasaka.

Kwa Tuzo za Kilele, zile kubwa zaidi ambazo majina yake hutoka Juni, Laurentine haoni filamu nyingi zikifika. *Harusi ya Mvua* itafika. *Kamba Moja* itafika. Na kuna moja ya wanawake wanaoosha madini mtoni, iliyochelewa kushindana mwaka huu, ambayo Abibu aliionyesha wiki iliyopita. "Ile muiandike," anasema, akimwonyesha mwandishi wa makala hii vidole viwili vilivyolala. "Maganda yalifika hapa tu. Siku ile sikukula bukari." Bukari ndiyo ugali.

Mwandishi anaandika. Halafu anauliza swali la kawaida, la kufungia mazungumzo: katika *Kamba Moja*, ni sehemu gani iliyomgusa zaidi?

Laurentine anautazama ufagio wake. "Sijaiona," anasema.

Ukumbi unadhani anatania. Hatanii. Filamu ikiwashwa, yeye huzunguka kati ya mabenchi na beseni, mgongo kwenye picha, macho kwenye mikono ya watu. Ikikaribia mwisho yuko nje anaosha makopo. Taa zikiwashwa anafagia. Ameona mianzo mingi. Mwisho wa filamu, katika miaka kumi na miwili, hajauona hata mmoja.

"Hii moja njo niliitaka," anasema. "Tangu mwezi wa kumi na moja, bakianza kueleza namna inaisha, natoka inje na ndoo yangu. Nilisema, salle ikibaki, siku moja nitakaa na mi niione. Kama inafungwa, basi nilikuwa nimeikosa."

Abibu anavua kofia, anaikunja na kuikunjua, anaivaa tena. Kisha anatangaza, kwa sauti ya mtu anayetoa sharti, kwamba Jumamosi saa nane mchana *Kamba Moja* itarudiwa, mama Laurentine atakaa benchi la mbele, na beseni atalizungusha yeye Abibu mwenyewe.

"Na kufagia?" anauliza Laurentine.

"Na kufagia."

Laurentine anacheka, kisha uso wake unakuwa wa mtu anayesubiri. Ana mpango wa kuvaa kile kitenge alichonunua kwa ajili ya Krismasi, na Louis ameshaambiwa siku hiyo ajipikie. "Nataka tu kujua kitu kimoja," anasema. "Ule ndugu mudogo, anatoka mu shimo ao hatoki?"

Samy anafungua mdomo. Abibu anamtazama, na mdomo unafungwa. Humu ndani kuna wanaume sitini na ushei wanaojua jibu, na hakuna hata mmoja anayemwambia.